Mgonjwa Asiye na Homa

Kompyuta iliganda siku ya Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana, ndege ikiwa futi elfu thelathini na tano juu ya bahari. Hakukuwa na mshindo wala onyo. Picha ilisimama tu, bawa la kushoto limeinama kidogo, wingu limekwama mbele ya pua ya ndege. Kwenye hedifoni mlio wa injini ulibaki sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Sindano alibonyeza kitufe kimoja, akabonyeza cha pili, akavuta usukani. Hata ile saa ndogo ya pembeni mwa kioo ilikuwa imesimama.

"Mbona kimya?" wifi yake aliuliza kutoka jikoni.

"Imeganda."

"Baada ya masaa sita yote hayo?"

"Sita na dakika kumi," Sindano alisema, akavua hedifoni akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu ambacho angependa kukirusha.

Jina la Sindano alipewa kiwandani. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha kushona sare, cherehani sitini na nne chini ya paa moja, na hakuna hata moja ambayo hakuwahi kuifungua tumbo. Washonaji walisema anaweza kupita kati ya mistari na kujua ipi inaumwa kabla mwenyewe hajainua mkono. Alizisikiliza kwa sikio la kulia. La kushoto lilikufa alipokuwa na miaka tisa, kwa homa iliyomlaza mwezi mzima.

Sikio hilo ndilo lililomnyima urubani. Akiwa na miaka ishirini alifaulu mitihani yote ya kuingia chuo cha marubani, akafika mbele ya jopo la madaktari, mmoja akasimama nyuma yake akamnong'oneza upande wa kushoto. Hakujibu. Waliandika neno moja: Hafai. Aliwauliza kama wangependa kumnong'oneza na upande wa pili, maana ana masikio mawili. Hawakupenda.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kule kukaa mbele ya kioo na kurusha ndege zisizokuwepo kulikuwa mchezo wa kupotezea muda. Tangu mumewe alipofariki, Sindano alikuwa amejifunza kuwasha ndege ya abiria kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha mwisho, kusoma ramani za anga, kupiga hesabu za mafuta na upepo. Usukani aliutengeneza mwenyewe kwa vyuma chakavu, pedali zilikuwa za cherehani mbili za zamani. Hedifoni ilimpa sauti zote, na sikio moja lilimtosha.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kwenye msiba akasema atakaa wiki mbili. Huu ulikuwa mwaka wa sita. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, na mtandao ulipokatika pale nyumbani hakuacha kusema, "Wifi ya ukutani imelala, ila wifi ya jikoni ipo macho." Sindano alikuwa ameusikia utani huo mara mia. Bado ulimchekesha, ingawa hakukubali kuonyesha.

Simu ililia kabla chai haijapoa. Alikuwa Kapteni.

Kapteni alikuwa mwenyekiti wa chama chao, chama cha watu thelathini na kitu waliopenda kurusha ndege za mezani. Tofauti na wengine wote, yeye aliwahi kurusha za kweli, miaka kumi na tisa, na hakumwacha mtu asahau. Chama kilikuwa na nishani moja iliyoheshimiwa, mbawa ndogo za shaba, kwa yeyote atakayeruka masaa tisa mfululizo, kuondoka hadi kutua, bila kusimamisha. Ili watu wasidanganye, Kapteni alikuwa ameandika programu yake mwenyewe iitwayo Karani. Unaiwasha kabla ya kuondoka, inakaa kimya pembeni, inaandika kila sekunde ndege ilipo na inatuma taarifa kwa chama.

"Karani amenyamaza," Kapteni alisema. "Umetua wapi, mama? Kwenye maji?"

"Kompyuta imeganda, Kapteni."

"Ile ya mtumba?"

"Ile ile ninayorukia kila wiki."

"Mama, mimi sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Safari ndefu si ya kila mtu. Inataka mashine, inataka na utulivu. Endelea na hizi fupi fupi. Wewe na cherehani zako mna heshima yenu, lakini huku juu ni kwingine."

"Nimekusikia, Kapteni."

Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, alitikisa kichwa. Alikuwa ameishi na Sindano vya kutosha kujua kwamba maneno hayo, yakitoka kinywani mwake, hayajawahi hata siku moja kumaanisha amekubali.

*

Jumatatu baada ya kazi aliibeba kompyuta hadi duka la fundi wa kompyuta, chumba chembamba kilichojaa vioo vilivyopasuka na nyaya zilizofungwa kama mikungu. Fundi alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Aliisikiliza habari yote huku akiangalia simu yake, kisha akagonga kasha la kompyuta kwa ukucha mara mbili.

"Kadi ya picha imekufa, mama. Nunua nyingine. Ninazo hapa."

"Umeifungua?"

"Sihitaji kuifungua. Miaka kumi niko kwenye kazi hii."

"Kama imekufa, mbona inafanya kazi masaa sita?"

"Inakufa ikichoka."

"Na ikichoka haitoi hata onyo?"

Fundi aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe unataka kutengenezewa au unataka kubishana?"

"Nataka kujua," Sindano alisema, akaikumbatia kompyuta yake akatoka nayo.

Nyumbani aliilaza juu ya meza ya chakula, akatandika shuka jeupe chini yake ili skrubu zisipotee, akafungua daftari jipya. Kiwandani alikuwa na daftari kama hilo kwa kila cherehani: tarehe, dalili, kilichobadilishwa, matokeo. Sheria yake ilikuwa moja, na mafundi vijana waliijua kwa sababu aliwahi kuwafokea kwayo: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na siku ikiumwa tena wewe ni mjinga yule yule wa jana.

Alianza na joto, maana kila mtu angeanza na joto. Ndani ya kasha alikuta vumbi limechanganyika na nyuzinyuzi za vitambaa vya sare, buluu na kijani, alizokuwa akizileta nyumbani kwenye nguo zake miaka yote. Feni zilikuwa zimevaa sweta. Alizipuliza, akazisugua kwa brashi ya mswaki, akabandua kipozeo cha prosesa, akafuta dawa ya zamani ya kupitisha joto, iliyokauka kama gundi, akapaka mpya, nyembamba, sawasawa.

Jumamosi akaondoka saa moja asubuhi. Kompyuta ilikuwa tulivu, feni zinanong'ona. Saa saba na dakika tano, ikaganda.

Aliandika: Vumbi na dawa ya joto. Imeganda. Masaa sita, dakika tano.

Wiki iliyofuata alipima vipande vya kumbukumbu. Alipakua programu ya kuvikagua, akaiacha ifanye kazi kutwa nzima yeye akiwa kiwandani. Aliporudi hakukuwa na kosa hata moja. Akaazima kisanduku cha umeme kutoka kwenye kompyuta ya ofisi ya stoo, kwa ruhusa ya mwenye stoo aliyedaiwa fadhila kwa cherehani ya mkewe, akakifunga mahali pa kile cha kwake. Jumamosi ikaganda tena. Masaa sita, dakika kumi na mbili.

Safari hii Kapteni hakupiga simu. Aliandika kwenye kundi la chama, watu wote wakasoma: Jaribio la tatu la Bi Sindano limeishia baharini. Tumpe pole. Tunakumbushana kwamba mbawa za masafa zinahitaji vifaa vinavyofaa. Chini yake watu wawili waliweka alama za kucheka.

Sindano aliusoma ujumbe huo amesimama. Uso ulimwaka moto. Akaiweka simu kifudifudi mezani, akarudi kwenye daftari lake, akakaa.

"Wifi," aliita. "Njoo uangalie hapa."

Wifi alikuja akifuta mikono. Sindano alimwonyesha nambari tatu: sita na kumi, sita na tano, sita na kumi na mbili.

"Cherehani ikiruka mshono ovyo ovyo, nalaumu uzi au sindano. Lakini ikiruka kila baada ya sentimita kumi na mbili, sigusi uzi. Najua kuna jino limevunjika kwenye gurudumu. Kitu hiki kinatunza saa. Joto halitunzi saa. Kadi iliyokufa haitunzi saa. Hapa kuna kitu kinajaa, kama ndoo chini ya bomba linalovuja."

Wifi alivuta kiti. Alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, midomo imekaza, kama alivyokuwa akipekua mafaili ya wagonjwa.

"Daftari zuri," alisema mwishowe. "Ila ni la mochwari."

"La nini?"

"Umeandika mgonjwa alikufa saa ngapi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokuwa hai ulimpima lini? Mimi ningemletea daktari faili kama hili angenitupia usoni. Mgonjwa anapimwa kila nusu saa, wifi, tangu anapoingia. Homa, mapigo, alichokula, alichotoa. Hapo ndipo utaona ugonjwa unavyopanda ngazi."

Sindano alimtazama. Miaka sita ndani ya nyumba moja, na hakuwahi kufikiria kumuuliza.

"Utanipimia?"

"Niandalie karatasi kubwa. Na kalamu mbili, nyekundu na buluu."

*

Jumamosi hiyo wifi alivaa sare yake ya zamani. Alisema ni utani, lakini alikuwa ameipiga pasi. Aliketi kushoto kwa Sindano, upande usiosikia, kwa hiyo kila alipotaka kusema kitu ilibidi amguse bega. Sindano alimfungulia kidirisha kidogo kinachoonyesha hali ya kompyuta: joto la prosesa, joto la kadi ya picha, kasi ya feni, na kumbukumbu iliyotumika, kati ya giga kumi na sita zilizokuwemo. Kila nusu saa wifi aliandika, akaweka nukta kwenye karatasi, akaunganisha nukta kwa rula.

Kufikia saa nne asubuhi mstari mwekundu wa joto ulikuwa umelala kama mkeka.

"Huyu hana homa," wifi alisema. "Mzima kabisa. Lakini hebu ona huyu wa buluu."

Mstari wa buluu ulikuwa unapanda. Haukuruka wala kuyumba, ulikwenda juu sawasawa kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ilianza giga saba, ikafika nane na nusu, ikafika kumi, ikafika kumi na moja na nusu.

"Anakula na hatoi," wifi alisema. "Tumbo litajaa. Lakini nani anayemlisha?"

Sindano aliiachia ndege ijiendeshe yenyewe na kufungua orodha ya programu zote zilizokuwa zikifanya kazi, kila moja na kiasi cha kumbukumbu inachotumia. Programu ya kurusha ndege ilikuwa pale pale ilipoanzia. Programu ya hali ya hewa, pale pale. Ya sauti, pale pale. Halafu chini kabisa, kwenye jina alilokuwa hajawahi hata kulifikiria, nambari ilikuwa inabadilika huku wakiitazama, ikiongezeka kidogo kidogo bila kupumzika.

Karani.

"Karani ndiye nani?" wifi aliuliza.

"Ni programu ya Kapteni. Kazi yake kuandika ndege ilipo na kutuma."

"Akishatuma, ile nakala anaipeleka wapi?"

Sindano aliegemea kiti. "Haipeleki popote. Anaikalia."

Walikaa wakiitazama mpaka saa saba na dakika nane, ndoo ilipojaa. Picha ikasimama. Wifi aliandika saa ya kifo kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake, na wote wawili wakaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, hadi wifi akalazimika kufungua vifungo vya sare.

*

Siku hiyo hiyo Sindano alimwandikia Kapteni. Aliandika kwa adabu, bila kumtaja mtu mwingine, akaambatisha picha ya chati. Jibu lilifika kesho yake: Karani ameandikwa na mtu aliyerusha ndege miaka kumi na tisa. Kwangu anafanya kazi masaa kumi na mbili bila tatizo. Angalia kompyuta yako.

Aliandika mara ya pili. Alimuuliza kompyuta yake ina kumbukumbu kiasi gani. Giga sitini na nne, Kapteni alijibu, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

"Giga sitini na nne!" wifi alisema. "Mwenye ghala la mahindi hajui panya anakula kiasi gani."

Mtu mwingine angeishia hapo. Sindano aliomba siku mbili za likizo kiwandani, siku alizokuwa akizitunza. Ya kwanza aliiweka ndege uwanjani, injini zimezimwa, milango imefungwa, haiendi popote, akawasha Karani peke yake pembeni, akakaa. Mstari wa buluu ukapanda vile vile, na ilipofika saa saba na robo kompyuta ikaganda na ndege yake imeegeshwa. Siku ya pili aliruka njia yote ya masaa tisa bila Karani. Mstari wa buluu ulilala mkekani pamoja na mwekundu. Saa kumi jioni alitua, magurudumu yakagusa, akavunja mwendo, akageuka kuelekea maegesho, akazima injini. Hakuna aliyemwona isipokuwa wifi, na kwa chama safari hiyo haikuwepo duniani.

Mkutano wa mwezi ulifanyika kwenye darasa la shule ya sekondari, madawati membamba, ubao wenye mabaki ya hesabu za kidato cha pili. Sindano alisubiri mpaka ajenda zilipokwisha, akaomba nafasi, akatembea mbele na karatasi zake tatu kubwa, akazibandika ubaoni kwa gundi ya karatasi. Wifi, ambaye hakuwa mwanachama, alikaa dawati la nyuma kabisa mikono imefumbatwa.

Alieleza kwa dakika kumi. Hakupandisha sauti. Alionyesha mstari mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi.

Kapteni alimsikiliza akitabasamu. "Ahsante, mama. Umejitahidi sana. Lakini kompyuta moja ya mtumba si ushahidi. Hakuna mwingine aliyelalamika."

"Hakuna aliyelalamika," Sindano alisema. "Mimi nataka kuuliza kingine." Akageukia madawati. "Nani mwingine aliganda?"

Mtu mmoja alikohoa. Kapteni alianza kukusanya karatasi zake.

"Mimi," sauti ilisema.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, katibu wa chama, mtu mpole ambaye kwenye mikutano huandika tu. Alisimama nusu, goti moja bado kwenye dawati. "Mara mbili. Saa ya sita zote mbili. Nilidhani ni umeme wa kwetu."

"Mimi pia," alisema mpishi wa hoteli. "Nikanunua kadi mpya. Ikaganda na mpya."

"Na mimi."

"Mimi niliacha kabisa kujaribu. Nikaona aibu."

Walifika tisa. Kila mmoja alikuwa ameliweka jambo lile moyoni peke yake, akidhani kasoro ni ya kwake, na sasa waligeukiana kwenye madawati kama watu waliokutana zahanati moja na ugonjwa mmoja. Wawili kati yao ndio waliokuwa wameweka alama za kucheka.

Kapteni aligonga meza. "Sawa, sawa. Nitalitazama nikipata nafasi. Kwa sasa kanuni ni kanuni, safari bila Karani si safari. Ila kwa kuwa Bi Sindano ameonyesha moyo, napendekeza tumpe mbawa za heshima."

Watu wengine walianza kupiga makofi. Sindano aliinua bisibisi, makofi yakakatika.

"Sizitaki."

"Mama, ni heshima."

"Ni pole, Kapteni. Pole ulishanipa kwenye kundi, inatosha. Mimi nitaruka Jumamosi, masaa tisa, na Karani akiwa amewashwa, kwa kanuni zako mwenyewe. Kanuni ya saba inasemaje?"

Katibu alifungua kijitabu cha kanuni akasoma: "Karani asizimike kwa zaidi ya dakika moja mfululizo."

Kanuni hiyo Kapteni aliiandika kwa faida yake mwenyewe, kwa sababu mtandao wa kwake ulikuwa unakatika katika.

"Kumzima na kumwasha kunachukua sekunde arobaini," Sindano alisema. "Nimepima. Akizimwa anatapika vyote alivyokula. Nitamzima kila baada ya masaa mawili. Anayetaka kuruka na mimi, saa moja kamili asubuhi."

Kutoka dawati la nyuma wifi alisema, si kwa kunong'ona, "Hapo sasa."

*

Waliondoka kumi na moja. Mmoja umeme ulimkatikia saa ya tatu. Mwingine alisinzia, akazinduka ndege imepita nchi aliyokuwa anakwenda. Wengine waliendelea, na kila baada ya masaa mawili sauti ya Sindano ilisikika kwenye hedifoni zao: "Zima. Hesabu tano. Washa. Nani hajawaka?" Mmoja mmoja waliitikia.

Saa ya sita ilikaribia. Wifi alikuwa na kalamu mkononi, macho kwenye mstari wa buluu, ambao sasa ulikuwa kama meno ya msumeno, unapanda, unaporomoka, unapanda. Dakika ya tano ikapita. Ya kumi. Ya kumi na mbili. Mawingu yaliendelea kupita chini ya bawa. Mpishi wa hoteli alipiga kelele moja ya furaha iliyoumiza sikio zima la Sindano.

Alitua saa kumi na dakika nne kwa upepo wa ubavuni. Gurudumu la kulia liligusa kwanza, ndege ikadunda mara moja, ikatulia. Haukuwa mtuo wa kupigia picha. Alisimamisha ndege, akavuta breki, akangoja.

Kisha sauti ya Kapteni ikaingia kwenye hedifoni. "Karani amepokea," alisema. "Masaa tisa, dakika nne."

Jioni Kapteni alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama, mbona hukuniletea jambo hili faraghani? Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilikuletea faraghani, Kapteni. Barua mbili."

Kapteni akasema usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Wiki mbili baadaye Karani mpya alitolewa. Maelezo yake yalikuwa ya mstari mmoja: Maboresho madogo madogo. Sindano alimwacha akifanya kazi kutwa nzima ndege ikiwa imeegeshwa. Mstari wa buluu ulilala.

Kwenye mkutano uliofuata Kapteni aliita majina tisa haraka haraka, akigawa mbawa kama mtu anayegawa risiti. La mwisho lilikuwa la Sindano. Alikwenda mbele, akasimama, lakini mkono hakuunyoosha.

"Kuna nini tena?" Kapteni aliuliza.

"Muhtasari wa mkutano unasemaje kuhusu safari zilizoganda?"

Katibu alitazama daftari lake. "Unasema majaribio yalishindwa kwa sababu ya vifaa vya wanachama."

"Basi uandikwe upya. Karani alikuwa na kasoro, kasoro imerekebishwa, majaribio yote yaliyoganda yafutwe."

"Mama, jambo limekwisha," Kapteni alisema. "Watu wamepata mbawa zao. Unataka nini zaidi?"

"Nataka liandikwe."

Alibaki amesimama pale, mikono ubavuni, mbawa za shaba zikining'inia kwenye vidole vya Kapteni kati yao. Dakika moja ni ndefu sana darasani. Kisha mwalimu wa hesabu akafungua kalamu yake, bila kumtazama mwenyekiti, akaandika, na watu wote waliisikia kalamu ikitembea juu ya karatasi. Alipomaliza alisoma kwa sauti, neno kwa neno.

Sindano alizipokea mbawa, akasema ahsante, akarudi kukaa.

Yeye na Kapteni hawakuja kuwa marafiki. Kapteni aliendelea kuwa mwenyekiti, na Sindano akapewa daftari la hitilafu za chama, ambalo kila mwanachama anaweza kuandika ndani yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwezi wa kwanza lilijaa kurasa nne. Wifi alijiandikisha kuwa mwanachama na siku ya kwanza aliiangusha ndege ndogo mara tano, mara mbili akiwa bado hajaondoka uwanjani.

Mbawa Sindano alizibandika kwenye koti lake la kazi, mfukoni, juu ya mahali anapoweka bisibisi. Jumatatu mshonaji mmoja aliziona akamuuliza ni za nini.

"Za masaa tisa," alisema, akipiga magoti mbele ya cherehani ya kumi na nane iliyokuwa ikikata uzi. "Sasa hivi natafuta njia ya masaa kumi na nne. Washa, tuisikie."